Kuomba Hataza au Kutoomba: Maneno kwa Mafundi na Wahandisi wa Lubumbashi

Waheshimiwa walimu, ndugu mafundi mliotoka mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, vijana wanafunzi wa uhandisi, baba na mama zangu mnaofanya biashara,

Nimeombwa niseme juu ya swali moja: mtu akishabuni kifaa, aombe hataza, ambayo wengi wetu hapa tunaiita breve, au asiombe? Nitajitahidi nisitoke nje ya swali hilo, kwa sababu watu wengi hulijibu kwa moyo kabla ya kupiga hesabu yoyote. Yuko anayeamini kwamba bila karatasi kutoka Kinshasa hawezi hata kuonyesha kifaa chake sokoni, na yuko anayeamini kwamba mambo hayo ni ya kampuni kubwa za migodi, wala hayamhusu mtu anayechomelea vyuma nyuma ya nyumba yake. Naona wote wawili wanatazama karatasi, ilhali wangepaswa kumtazama yule atakayewaiga: ni nani, yuko wapi, ataigaje, na siku akikamatwa atafanywa nini.

Hataza haimpi mtu ruhusa ya kutengeneza kifaa chake. Inampa haki ya kuwakataza wengine wasikitengeneze, wasikiuze wala kukiingiza nchini bila idhini yake, kwa muda wenye mwisho na ndani ya mipaka ya nchi iliyoitoa. Kwa sheria yetu namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kuweka maombi, na kwa dawa ni miaka 15. Malipo ya haki hiyo ni kwamba mvumbuzi lazima aeleze siri yake kwa maandishi, kwa namna ambayo mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo akisoma ataweza kukitengeneza. Muda ukiisha, au ada za kila mwaka zisipolipwa, uvumbuzi unakuwa wa watu wote. Nanyi mkumbuke neno hilo, kukataza: anayekataza ni mwenye hataza mwenyewe, kwa mwanasheria wake na kwa fedha zake. Hakuna ofisi itakayotuma watu kuzunguka masoko ya Lubumbashi kutafuta waigaji kwa niaba yake.

Ili kitu kipewe hataza, karibu kila nchi inataka mambo matatu: kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kwa urahisi, na kiweze kutengenezwa au kutumiwa katika kazi za viwanda. Kwa maneno matupu hayo yanaonekana mepesi, kwa hiyo naomba tuchukue mbabula, yaani jiko la makala (makaa), kifaa ambacho hakuna nyumba ya Lubumbashi isiyokijua, hasa umeme unapokatika wakati wa kusonga bukari, yaani ugali. Tuseme fundi amekata bati la pipa, ndani akaweka ukuta wa udongo uliochomwa, kati ya udongo na bati akaacha nafasi ya upana wa kidole. Juu ameweka pete ya chuma inayobebwa na springi mbili za tandiko la baiskeli, na pete hiyo imeunganishwa kwa waya na kimlango cha hewa kilichoko chini. Sufuria ikiwekwa, uzito wake unaishusha pete na mlango unafunguka. Sufuria ikitolewa, springi zinainua pete, mlango unajifunga, na makala hayaendelei kuwaka bure. Kifaa hiki nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano, na kwa kuwa nimekwisha kukieleza mbele yenu, mimi mwenyewe sitaweza tena kudai kwa unyofu kwamba ni kipya. Tutalirudia hilo baadaye.

Fundi huyu akija kwangu, jambo la kwanza atakalotaka kulinda ni ule ukuta wa udongo, kwa sababu ndio uliomtoa jasho. Hapo nitamkatisha tamaa. Majiko ya makala yenye udongo ndani ya bati yanajulikana tangu yalipoenea katika nchi ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo huko yalichukua mfano kutoka majiko ya Thailand, kwa hiyo sehemu hiyo ni ya watu wote, hata kama yeye aliifikia peke yake bila kumwona mwingine. Sheria haiulizi kama wewe uliiga. Inauliza kama jambo hilo lilikwisha kujulikana mahali popote. Kinachobaki ni pete na mlango. Hapo kuna kitu cha kujadili, ila kabla ya kujadili kuna kazi ya kutafuta, na kazi hiyo haina malipo. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani lina hifadhi ya hataza kwenye intaneti iitwayo Patentscope, na Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina nyingine iitwayo Espacenet. Kila moja ina hati zaidi ya milioni 100, nyingi zikiwa na michoro, na mtu anaweza kutafuta kwa Kifaransa. Siku mbili za kukaa mbele ya kompyuta na kutazama michoro ya majiko ya watu wengine zinaweza kumwokoa fundi gharama ya miaka mingi. Nisisitize michoro, maana maandishi ya hataza ni makavu na mazito, lakini fundi akiona mchoro wa springi na mlango anaelewa mara moja.

Tuseme ametafuta na hakuona kinachofanana. Sasa atatakiwa kuandika madai, yaani sentensi zile zinazosema ni nini hasa wengine wamekatazwa. Watu wengi hudhani kwamba hataza inalinda kifaa kizima kama kinavyoonekana mezani, kumbe inalinda kile tu kilichoandikwa katika madai. Akiandika kwamba anadai “mbabula yenye pete inayobebwa na springi mbili za baiskeli”, jirani yake ataondoa springi, ataweka jiwe la kupinga uzito upande wa pili, na kesi itakuwa ngumu. Akiandika kwamba anadai “jiko lolote ambalo uzito wa chombo cha kupikia hufungua mlango wa hewa, na kuondolewa kwa chombo hicho huufunga”, amemzuia jirani mwenye jiwe pia, lakini amejiweka katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu ikipatikana hati moja ya zamani, ya nchi yoyote, yenye wazo hilo, dai lake linaanguka lote. Ndiyo maana madai huandikwa kwa ngazi, pana kwanza na jembamba baadaye, na ndiyo maana fedha ya kumlipa mtu anayejua kuyaandika si fedha ya kuonea uchungu. Naona heri kutoomba hataza kabisa kuliko kuomba kwa madai yaliyoandikwa ovyo, kwa sababu umekwisha kueleza siri yako kwa dunia nzima na hujamkataza mtu yeyote.

Kwetu kuna jambo jingine linaloongeza uzito wa maneno hayo. Ofisi ya mali ya viwanda, iliyo chini ya Wizara ya Viwanda huko Kinshasa, hutazama zaidi kama maombi yametimiza masharti ya fomu kuliko kupima kama uvumbuzi kweli ni mpya. Kwa hiyo kupewa hataza Kongo hakumaanishi kwamba mtaalamu amekaa akalinganisha kifaa chako na vya dunia nzima. Kipimo hicho kitafanyika siku utakapomshtaki mtu, naye akaleta mahakamani hati ya zamani kujitetea. Msiitundike karatasi ukutani mkadhani vita imekwisha.

Sasa turudi kwa mwigaji. Mwaka 1794 Mmarekani aitwaye Eli Whitney alipata hataza ya mashine ya kutenganisha pamba na mbegu zake. Mashine ilikuwa na faida kubwa mno kwa wakulima, nayo ilikuwa nyepesi mno kutengeneza: kila mhunzi aliyeiona aliweza kuiga. Whitney na mwenzake hawakutaka kuuza mashine. Walitaka wakulima walete pamba kwao na kuwaachia sehemu mbili kati ya tano za pamba iliyosafishwa. Wakulima waliona bei hiyo ni ya kunyonya, wakaenda kwa wahunzi wao. Whitney alihangaika mahakamani miaka na miaka, na hukumu iliyomthibitishia haki yake ilipopatikana mwaka 1807, muda wa hataza ulikuwa ukingoni. Uvumbuzi wake ulibadilisha uchumi wa kusini mwa Marekani, na pia uliongeza utumwa mashambani, lakini hataza yake haikumpa utajiri aliotarajia. Nawaeleza habari hii kwa sababu mbabula yetu yenye springi iko katika hali ileile. Anayeinunua anaiona yote. Akiipeleka kwa mchomeleaji yeyote wa mtaa wa Kenya asubuhi, jioni anayo ya pili. Waigaji wako watakuwa hamsini, kila mmoja akiuza chache, hakuna mwenye duka lenye jina wala akaunti ya benki, na gharama ya kumpeleka mmoja mbele ya hakimu itazidi faida yote aliyopata kwa kukuiga. Hataza humbana mtu mwenye anwani na mwenye cha kupoteza.

Geuzeni mfano. Mhandisi kijana amebuni vali ya pampu inayostahimili tope la mgodi lenye asidi, kwa namna ambayo pampu haisimamishwi mara kwa mara kwa matengenezo. Wanunuzi wake ni viwanda vya shaba na kobalti kutoka hapa hadi Likasi na Kolwezi, na atakayeiga ni mtengenezaji wa pampu mwenye jina, mwenye mikataba na mwenye wanasheria wanaosoma hataza kila wiki. Mtu wa namna hiyo hapendi kesi. Akiona hataza iliyoandikwa vizuri, ataomba leseni au atainunua. Huyu kijana nitamwambia aombe, tena aombe kabla hajamwonyesha meneja yeyote kifaa chake, hata kama itambidi akope. Vali moja na mbabula moja zinaweza kuwa na akili sawa ndani yake; tofauti iko kwa yule aliye upande wa pili wa meza.

Kisha kuna wale wenye kitu kisichoonekana: mchanganyiko wa udongo usiopasuka, kipimo cha majivu na mafuta katika sabuni, joto na muda wa kukausha unga. Mnunuzi anapata bidhaa lakini haoni njia. Hapo kunyamaza kunaweza kuzidi hataza. Kinywaji cha Coca-Cola kilianza mwaka 1886, na wenyewe wamechagua kuweka mchanganyiko wake siri kwa zaidi ya karne nzima. Wangeueleza katika hataza, haki yao ingekwisha zamani sana. Ila siri ina udhaifu wake, nao lazima usemwe: mtu akiigundua kwa juhudi zake mwenyewe, huna la kumfanya, na mfanyakazi akiondoka nayo bila mkataba wowote alioutia sahihi, utabaki kulalamika kwa majirani. Gawanyeni kazi, ili anayepima asiwe anayechoma, na wekeni maandishi ya kutunza siri tangu siku ya kwanza ya ajira.

Nimesema hataza ina mipaka ya nchi, na kwa sisi wa Lubumbashi hilo si jambo la vitabuni. Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, iko kilomita 90 hivi kutoka hapa. Hataza ya Kinshasa inafika kwenye kizuizi cha forodha na kusimama hapo. Mtu wa Kitwe au Ndola akitengeneza kifaa chako na kukiuza Zambia nzima, kwa sheria hajakuvunjia haki yoyote, ingawa akikivusha kuja kuuza kwetu utakuwa na neno naye. Nchi yetu haimo katika shirika la Afrika lenye makao yake Yaoundé, ambalo hutoa hataza moja kwa nchi zake zote 17, wala haimo katika lile la Harare, ambamo wamo majirani zetu Zambia, Tanzania, Rwanda na Uganda. Kuingia kwetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukuleta hataza ya pamoja. Hata hivyo mlango haujafungwa, kwa sababu Kongo imo katika Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 tangu mwaka 1975. Ukiweka maombi Kinshasa leo, una miezi 12 ya kuweka maombi hayohayo katika nchi nyingine za mkataba, au Harare kupitia wakala, nayo yatahesabiwa kana kwamba yamewekwa leo. Miezi hiyo 12 naiona kuwa sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, maana inampa mtu muda wa kuuza, kutafuta mwenye mtaji, kupima soko la upande wa pili wa mpaka, kisha kuamua kama anaendelea au anaacha. Ikipita, haki hiyo ya kurudi nyuma imekwenda.

Mpaka huo huo una upande unaotufaa, nami nashangaa kwamba hausemwi vya kutosha. Hataza iliyoombwa Ujerumani au China, na haikuombwa kamwe hapa kwetu, haimzuii fundi wa Ruashi kutengeneza na kuuza kifaa hicho ndani ya Kongo. Hifadhi zile za intaneti nilizozitaja ni mahali pa kuangalia kama wazo lako ni jipya, na pia ni shule: pampu, mashine za kukoboa, vikaushio, vyote vimechorwa na kuelezwa, na hataza nyingi zilizomo zimekwisha muda wake. Angalieni tu kwamba haiko hai Kongo, na msipeleke bidhaa hiyo katika nchi ambako iko hai.

Nirudi kwenye lile la kueleza kifaa mbele ya watu. Upya hupotea kwa kuuza, kwa kuonyesha katika maonyesho ya biashara, kwa kutetea tasnifu mbele ya jopo na wageni, na siku hizi hasa kwa video ya dakika moja inayotumwa WhatsApp na Facebook kwa furaha ya kwamba kifaa kimefanya kazi. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuomba baada ya kutangaza mwenyewe. Ulaya haimpi nafasi hiyo isipokuwa katika hali chache sana. Asiyejua atauza wapi afuate kanuni iliyo kali zaidi, akae kimya mpaka maombi yawekwe. Kunyamaza hakugharimu hata faranga moja, na kunakuachia njia zote: hataza, siri, au kuuza tu bila kinga. Ukilazimika kumwonyesha mchomeleaji au mwenye mtaji, kwanza atie sahihi maandishi ya kutunza siri. Najua kwamba kati yetu kumwambia ndugu au rafiki atie sahihi kunaonekana kama kumtukana. Mwambieni ni mimi niliyewaagiza, mnitupie mimi lawama.

Swali la nani ni mwenye uvumbuzi linafuata hapohapo. Mhandisi aliyeajiriwa na mgodi, akibuni kwa kazi aliyopewa na kwa vifaa vya mwajiri, kwa kawaida uvumbuzi huo si wake, kwa hiyo asome mkataba wake wa kazi kabla hajaota utajiri. Marafiki watatu wanaotengeneza pamoja waandike mgawanyo wao kabla kifaa hakijaanza kufanya kazi, wakati bado hakuna cha kugombania. Mfano mkubwa wa hili uko katika nchi yetu. Dawa ya Ebola iitwayo mAb114, iliyojaribiwa mashariki mwa Kongo tangu mwaka 2018, ilitokana na damu ya mtu aliyepona ugonjwa huo Kikwit mwaka 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe ni miongoni mwa waliofanya kazi hiyo pamoja na watafiti wa Marekani. Leseni ya kuitengeneza ilitolewa na taasisi za afya za Marekani kwa kampuni ya huko, Ridgeback Biotherapeutics, na mwaka 2020 dawa ikaidhinishwa Marekani. Simshtaki mtu. Ninachosema ni kwamba haki hufuata maandishi na mahali yalipowekwa, na walimu wa vyuo vikuu walioko hapa, mnaopokea miradi ya pamoja na wageni, someni ukurasa wa umiliki kwa makini kama mnavyosoma ule wa bajeti.

Mtaniuliza, basi fundi wa mbabula afanye nini, kwa kuwa nimemwambia hataza pengine haitamfaa? Kwanza asajili alama yake ya biashara. Alama hudumu miaka 10 na inaweza kuhuishwa tena na tena, na ni rahisi kumwonyesha hakimu, au hata mkuu wa soko, kwamba fulani amegonga jina la mwingine kwenye bati, kuliko kumweleza kazi ya springi na mlango wa hewa. Kama umbo la mbabula yake ni la pekee, anaweza kulisajili pia kama mchoro wa viwandani. Kisha auze haraka, atengeneze vizuri, auze na vipuri vya springi, awatangulie waigaji kwa mwaka mmoja au miwili mpaka mama wa Katuba akienda sokoni aulize mbabula kwa jina. Na zile fedha ambazo zingelipa maombi, wakala na ada za kila mwaka, anunue mashine ya kukatia bati. Najua baadhi ya wenzangu wa sheria waliokaa mstari wa mbele hawatapenda shauri hilo, nami nipo tayari kubishana nao.

Nakomea hapo ili nipokee maswali. Naomba tu kila atakayeuliza aniulize juu ya soko lake, waigaji wake na fedha zake, bila kutueleza kifaa chake kinavyofanya kazi. Ukumbi huu ni wa watu wote, milango iko wazi, na naona simu kadhaa zinarekodi. Mwenye kifaa cha kuonyesha anisubiri nje, nina fomu za kutunza siri ndani ya mkoba, na wa kwanza kutia sahihi nitakuwa mimi.